Mchezo wa Kuigiza Katika Somo la Historia: Funzo Kutoka Filamu ya "1776"

Katika ufundishaji wa Historia, mchezo wa kuigiza ni njia yenye nguvu kubwa. Mtoto aliyesimama mbele ya wenzake akanena maneno ya mjumbe au ya mfalme hayasahau upesi. Hapo ndipo ilipo hatari yake pia, kwa kuwa jambo lisilo kweli, likiigizwa vizuri, nalo halisahauliki upesi. Makala haya yaeleza, kwa mfano mmoja, jinsi mwalimu awezavyo kuupima mchezo kabla hajaupeleka darasani.

Mfano wetu ni filamu ya "1776", iliyotengenezwa Marekani mwaka 1972 chini ya uongozi wa Peter H. Hunt. Filamu hiyo ilitokana na mchezo wa jukwaani wenye nyimbo, uliotungwa na Sherman Edwards na Peter Stone, ambao ulianza kuonyeshwa Broadway, New York, mwaka 1969. Yasimulia jinsi wajumbe wa makoloni 13 ya Uingereza walivyojadili huko Philadelphia suala la kujitenga na Mfalme George wa Tatu, na jinsi Thomas Jefferson alivyoandika Azimio la Uhuru.

Kwanza tutazame makosa mepesi. Filamu yaonyesha wajumbe wakitia sahihi tarehe 4 Julai. Kwa kweli kura ya uhuru ilipigwa tarehe 2 Julai, maneno ya Azimio yakakubaliwa tarehe 4, na wajumbe wengi wakatia sahihi tarehe 2 Agosti. Vilevile mkewe Jefferson, aletwaye Philadelphia katika mchezo, hakufika huko wakati ule. Makosa ya namna hii mwalimu aweza kuyasahihisha kwa sentensi moja ubaoni.

Jambo zito ni utumwa. Jefferson aliandika kifungu cha kulaani biashara ya watumwa, nacho kikaondolewa. Katika filamu, Edward Rutledge, mjumbe wa South Carolina, aimba akiwasuta watu wa kaskazini kwamba nao hutajirika kwa merikebu zichukuazo watumwa kutoka Afrika. Hakuna mjumbe aliyeimba barazani. Hata hivyo, Jefferson mwenyewe aliacha kumbukumbu kwamba kifungu kiliondolewa ili kuziridhisha South Carolina na Georgia, na kwamba watu wa kaskazini nao kiliwachoma, kwa kuwa walikuwa wachukuzi wa watumwa. Wimbo, basi, ni wa kubuni, lakini habari yake ni ya kweli.

Kinyume chake, katika mjadala huohuo Jefferson wa filamu atamka, bila wimbo wala mbwembwe, kwamba amekwisha kuamua kuwaacha huru watumwa wake. Mtazamaji huamini. Lakini Jefferson wa historia alimiliki watumwa zaidi ya 600 katika maisha yake, akawapa uhuru wachache tu. Mwaka 1827, baada ya kufa kwake, watu wapatao 130 walinadiwa shambani kwake, Monticello. Mwanafunzi asiyeambiwa haya atatoka darasani akidhani kwamba ahadi ilitimizwa.

Kwa hiyo mwalimu-mwanafunzi aandaapo mchezo wowote wa Historia yampasa afuate hatua hizi:

1. Aandike katika andalio la somo mambo matatu: yaliyotokea, yaliyoongezwa na yaliyoachwa.

2. Baada ya maigizo awaulize wanafunzi: Ni nani aliyehusika na jambo hili, lakini hakupewa nafasi ya kusema? Katika "1776" watumwa wajadiliwa sana, lakini hakuna hata mmoja wao aliyepewa neno.

3. Awape wanafunzi kazi ya kuandika sentensi chache, kwa maneno yao wenyewe, juu ya jambo moja lililoachwa.

Mchezo usitupwe kwa sababu una makosa; makosa yenyewe ni zana ya kufundishia. Ila somo lisimalizikie kwenye makofi. Limalizikie kwenye maswali.