Mhakiki wa Sanaa na Chungu cha Ikombe: Mafunzo Kutokana na Maisha ya Margaret Trowell

1.0 Utangulizi

Historia ya sanaa za Afrika Mashariki imezoeleka kuandikwa kwa kufuata mipaka ya makabila: vinyago vya hawa, ngoma za wale, vyungu vya wengine. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mipaka hiyo haitoshi kuwa kipimo cha kwanza cha mhakiki. Hoja yetu itajengwa kwa kuangalia mambo mawili. La kwanza ni maisha na kazi za Margaret Trowell, mmoja wa waasisi wa uandishi wa historia ya sanaa katika eneo hili. La pili ni ufinyanzi wa Wakisi wa Ikombe, wilayani Kyela, kwenye ufuko wa kaskazini wa Ziwa Nyasa. Kazi za Trowell zilihusu zaidi Uganda. Lakini nadharia hupimwa vizuri zaidi inapotolewa mahali ilipozaliwa na kupelekwa kwingine.

2.0 Maisha na kazi za Trowell

Trowell alizaliwa London mwaka 1904. Alisomea uchoraji katika chuo cha Slade, kisha akasomea ualimu chini ya Marion Richardson, aliyeamini kwamba mtoto achore kile anachokiona akilini mwake badala ya kunakili mifano. Mwaka 1929 alifika Kenya pamoja na mumewe, Hugh Trowell, aliyekuwa daktari, na huko Machakos akaanza kuchunguza kazi za mikono za Wakamba. Mwaka 1935 walihamia Kampala. Miaka miwili baadaye alianzisha darasa la sanaa kwenye kibaraza cha nyumba yake, darasa ambalo lilikua likawa skuli ya sanaa ya Makerere yenye jina lake hadi leo. Mwaka 1939 kazi za wanafunzi wake zilionyeshwa London. Aidha, katika miaka ya Vita Kuu ya Pili alisimamia makumbusho ya Uganda.

Uzoefu huo wa kibaraza na wa makumbusho ndio uliozaa maandishi yake. Mwaka 1953 alitoa Tribal Crafts of Uganda pamoja na Klaus Wachsmann, aliyeandika sehemu ya ala za muziki. Kilifuata Classical African Sculpture mwaka 1954 na African Design mwaka 1960. Alistaafu Makerere mwaka 1958, na alifariki mwaka 1985.

3.0 Ubora na upungufu wa kipimo chake

Sifa ya kwanza ya Trowell ni kwamba alianza na kazi yenyewe. Kabla ya kusema kitu ni kizuri, alitaka kujua kimetengenezwa kwa nini, kwa vipi, na kwa matumizi gani. Katika zama ambazo wengi walikana kwamba kikapu au mtungi ni sanaa, huo ulikuwa msimamo wa kijasiri.

Hata hivyo, jina lenyewe la kitabu cha 1953 ladhihirisha kipimo chake kikuu, nacho ni kabila. Matokeo yake ni mgawanyiko wa aina mbili za wasanii. Wanafunzi wake, kama vile Sam Ntiro na Elimo Njau, waliingia katika historia kwa majina yao. Picha ya Ntiro ya mwaka 1956, inayoonyesha wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku, imo katika Jumba la Sanaa za Kisasa la New York ikiwa na jina la mchoraji. Mfinyanzi wa wakati huohuo alibaki kuwa mwakilishi wa kabila lake tu.

4.0 Ushahidi wa Ikombe

Tukikipeleka kipimo hiki Ikombe, upungufu wake huonekana waziwazi. Kijiji hiki kimebanwa baina ya ziwa na Milima ya Livingstone, na ardhi ya kulima ni haba. Wanawake hufinyanga vyungu kwa mkono, huvipamba kwa udongo mwekundu na mweupe, na kuvichoma mahali pa wazi pasipo tanuri. Kisha vyungu hupakiwa katika mitumbwi na kupelekwa Matema, ambako tangu zamani vimebadilishwa kwa chakula au kuuzwa kwa majirani.

Basi tujiulize: chungu kinachofinyangwa na Mkisi na kupikiwa na Mnyakyusa ni sanaa ya kabila gani? Unene wa ukingo, upana wa mdomo na uzito wa chombo huamuliwa na mikono miwili: wa afinyangaye na wa anunuaye. Mnunuzi anayekigonga chungu kwa kidole, akasikiliza mlio wake, kisha akakirudisha chini, amekwisha kutoa uhakiki. Mfinyanzi anayebadili umbo kwa sababu hiyo ameupokea.

Maandishi ya awali juu ya pwani hii yaliachwa na watu wa fani nyingine: daktari Friedrich Fülleborn, aliyechapisha kitabu chake mwaka 1906, wamishenari wa Berlin, na wanaanthropolojia Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti kati ya 1934 na 1938. Kazi zao zina thamani kubwa, lakini swali lao halikuwa swali la mhakiki: kwa nini chungu hiki ni bora kuliko kile, na ni nani aliyekifinyanga?

5.0 Hitimisho

Tumeona kwamba Trowell alitufundisha kuanza na kazi ya mikono, bali hakutufikisha kwa mwenye mikono. Mtafiti wa Kyela hana budi kukamilisha safari hiyo kwa kuandika jina la kila mfinyanzi anayeridhia, na kukusanya istilahi za Kikisi na Kinyakyusa zinazotumika kusifu na kukosoa chombo. Jukumu hili la pili linatuhusu hasa sisi wa taaluma ya lugha. Sufuria na ndoo za plastiki zimekwisha kuchukua sehemu kubwa ya kazi za chungu. Chungu kikivunjika vigae hubaki. Lakini neno la kukihukumia likisahauliwa, hakuna atakayelichimbua.