Farao Senebkay: Je, Asiye na Ushahidi Hakuwepo?



Kwenye mijadala ya mitandaoni utasikia mtu anasema, "Hakuna ushahidi, kwa hiyo huyo hakuwepo." Je, hoja hiyo inasimama? Hebu tumwangalie Farao mmoja ambaye wengi wetu hatujawahi kumsikia.

Anaitwa Senebkay. Aliishi katika karne ya 17 kabla ya Kristo, wakati Misri imegawanyika chini ya watawala mbalimbali. Orodha ya kale ya wafalme iliyoandikwa kwenye mafunjo, inayotunzwa Turin, Italia, imechanika vibaya, na majina mengi ya kipindi hicho yamebaki vipande tu. Kwa hiyo hadi mwaka 2013, mtu angeweza kusema Senebkay hana ushahidi, na asingekuwa anadanganya.

Mwaka 2014, watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania wakiongozwa na Josef Wegner walitangaza kwamba wamepata kaburi lake huko Abydos. Wezi wa zamani walishalivunja na kuupasua mwili wake. Lakini jina lake lilikuwepo ukutani, na mifupa ilikuwepo. Mifupa hiyo ina alama za majeraha 18, mengine miguuni na kiunoni, mengine ya shoka kichwani. Kumbe mfalme aliuawa kikatili! Hata sanduku la kuhifadhia viungo vyake vya ndani lilitengenezwa kwa mbao za mwerezi zilizotoka kaburi la mfalme aliyemtangulia. Alikuwa mfalme, ndiyo, ila si tajiri.

Tunajifunza nini? Kwanza, kukosa ushahidi wa kitu si sawa na kuwa na ushahidi kwamba hakikuwepo. Pili, na hapa tuwe makini: pengo si ruhusa ya kujaza chochote tunachotaka. Mifupa inatuambia Senebkay aliuawa, haitutajii aliyemuua. Na asije mtu akasema ndiye Farao wa Musa! Hakuna kinachoonyesha hivyo.

Kitabu cha Kutoka chenyewe hakimtaji Farao huyo kwa jina. Lakini sura ya 1 inawataja wakunga wawili waliokataa kuua watoto: Shifra na Pua. Mafarao walichonga majina yao kwenye mawe ili wakumbukwe. Wakunga hawa walimcha Mungu tu.

Swali la kutafakari wiki hii: wewe unataka ukumbukwe kwa lipi?