Ukianguka Majini London: Jaketi, Firimbi na Simu

Nasikia kiangazi hiki baadhi yenu mnapanga kukodi boti ndogo mtoni Thames. Si vibaya. Ila nina neno, hasa kwa sisi watu wa pwani tunaojisifu kuwa tumekulia baharini.

Maji ya hapa si ya Tanga. Juni moja niliingia baharini Southend, maji ya kiunoni tu, nikataka kumwita mwanangu, sauti haikutoka. Mimi, muuguzi mzima! Maji yaliyo chini ya nyuzi 15 huushtua mwili: unavuta pumzi kwa nguvu bila kutaka na moyo unakwenda mbio. Kichwa kikiwa chini wakati huo, unavuta maji. Mshtuko hupungua baada ya dakika moja au moja na nusu, kwa hiyo usikimbilie kuogelea. Lala chali, elea mpaka pumzi itulie. Baadaye mikono hufa ganzi, na hapo ufundi wa kuogelea hausaidii.

Ndiyo maana jaketi la kuokolea huvaliwa kabla ya kupanda, haliwekwi chini ya kiti. Lililoandikwa 50 ni la anayejua kuogelea na msaada uko karibu. La 150 limetengenezwa kumgeuza mtu chali hata akizimia. La mtoto lichaguliwe kwa uzito wake, na kamba ya mapajani ifungwe, la sivyo jaketi litampanda usoni. Hakikisha lina firimbi, maana sauti nimeshawaeleza.

Simu iwe kwenye mfuko usiopitisha maji, ifungwe mwilini. Ya kwenye mkoba huzama na mkoba. Kuanzia Teddington kushuka baharini, piga 999, omba Coastguard. Hapa ndipo tunapokosea: tumezoea salamu kwanza, halafu kisa kirefu. Anza na mahali: karibu na daraja gani, upande gani. Kisha mko wangapi, nini kimetokea. Simu ikikatika, tayari wanajua waje wapi. Mwenye redio ya VHF aite chaneli 16: Mayday mara tatu, jina la chombo, mahali.

Mto huu umeua. Tarehe 20 Agosti 1989 boti ya Marchioness iligongwa usiku na meli Bowbelle, watu 51 wakafa katikati ya jiji. Mwaka 2002 waokoaji wa RNLI wakafungua vituo Thames. Kimoja kipo Waterloo Bridge, saa 24.

Aliyeopolewa mlazeni, mvueni nguo zilizolowa, mfunikeni. Msimsugue, msimpe pombe. Akianza kukohoa au kuhema saa chache baadaye, apelekwe hospitali hata akisema hajambo.

Maswali leteni kama kawaida. Nitajibu nikitoka zamu ya usiku.