Ukoko kwenye vifaa vya upasuaji

Moto ukizidi, ukoko wa ugali hushika chini ya sufuria. Jambo kama hilo hutokea pia katika chumba cha upasuaji, ingawa mgonjwa hana habari.

Mwanamume ambaye tezi yake ya kibofu imevimba huweza kufanyiwa upasuaji kupitia njia ya mkojo, bila kupasuliwa tumbo. Daktari huingiza bomba jembamba lenye darubini na kitanzi cha waya wa umeme, ambacho hukata nyama na kuzuia damu. Ncha ya bomba hilo aghalabu ni ya kauri, kwa sababu kauri huvumilia joto na haipitishi umeme. Kila waya ukatapo, chembe za nyama na damu huungua na kuganda pale, nyeusi kama masizi.

Je, msomaji, ukoko huu una hatari gani? Kwanza huficha viini, kwani mvuke wa kuviua haupenyi vizuri chini yake. Pili, makaa hupitisha umeme. Kauri iliyofunikwa nayo haikingi tena sawasawa, na umeme waweza kuunguza mahali ambapo daktari hakukusudia.

Wengine hukimbilia kisu au waya wa kusugulia sufuria. Hapo ndipo kifaa huharibika. Kauri ni ngumu lakini huvunjika upesi. Mikwaruzo na nyufa huwa maficho mapya ya uchafu, na kipande kikimeguka ndani ya kibofu ni balaa.

Njia bora ni beseni la mawimbi ya sauti. Sikio la binadamu husikia mitetemo isiyozidi 20,000 kwa sekunde. Beseni hili aghalabu hutoa 35,000 hadi 45,000. Mitetemo hiyo huzaa mapovu madogo mno majini, nayo yanapopasuka hung'oa uchafu hata katika mianya isiyofikiwa na brashi. (Ajabu ni kwamba vitoa mtetemo vilivyo chini ya beseni navyo kwa kawaida ni kauri, ya aina inayotetemeka ikitiwa umeme.)

Wewe muuguzi unayeosha vifaa, suuza mara tu upasuaji umalizikapo, damu isikauke. Ukoko sugu mara nyingi hulegea ukilowekwa katika peroksaidi ya hidrojeni ya asilimia 3. Soma kijitabu cha mtengenezaji, maana si kila kifaa huruhusiwa majini humo. Darubini yenyewe usiitie, kwani mitetemo hulegeza lenzi zake. Maji yawe vuguvugu, yasizidi nyuzi 45, la sivyo damu hugandamana zaidi. Liache beseni litetemeke kidogo kabla ya kutia vifaa ili hewa itoke, kisha vilaze kwenye kikapu, vizame kabisa wala visirundikane. Dakika 5 hadi 10 kwa kawaida hutosha.

Lakini beseni haliui viini! Baadaye suuza, kagua kauri kwa kioo cha kukuzia, na yenye ufa iondolewe. Ndipo vifaa vitiwe katika mtambo wa mvuke, mara nyingi wa nyuzi 134.

Nawe uliye na mzee anayengoja upasuaji huu, si aibu kumwuliza muuguzi mkuu jinsi vifaa vinavyooshwa. Ukijibiwa kwamba huchemshwa tu, uliza zaidi.