Reli ya Settle hata Carlisle

Kaskazini ya Uingereza, kati ya vilima vyenye baridi kali, imepita reli itokayo Settle hata Carlisle, mwendo wa maili 72. Ilianza kuchukua abiria mwaka 1876. Stesheni ya Dent iko mbali na kijiji chake kiasi cha maili nne, tena mlimani. Si ajabu wasafiri walikuwa haba! Mwaka 1970 stesheni ndogo zilifungwa, zikabaki Settle na Appleby tu. Baadaye wakuu wa reli walitaka kuifunga njia nzima, maana kulitengeneza daraja la Ribblehead, lenye matao 24, kulihitaji fedha nyingi. Watu wakapinga kwa maelfu ya barua. Mwaka 1986 stesheni nane zilifunguliwa tena, na mwaka 1989 Serikali ikakata shauri kwamba reli isifungwe.