Siku ya Kujiachia katika Mpango wa Mlo wa Kaya

Siku ya kujiachia ni siku moja ya juma ambayo mtu aliyejiwekea mpango wa ulaji unaofaa hujiruhusu kula na kunywa apendacho bila kujali kiasi. Hoja ya wanaoitetea si ya kupuuzwa, kwa kuwa katazo lisilo na mwanya huwachosha wengi hata wakauacha mpango mzima, lakini kasoro yake hudhihirika katika hesabu. Anayepunguza kilokalori 500 kila siku (kilokalori ni kipimo cha nishati itokanayo na chakula) huwa amepunguza 3,000 kwa siku sita, na sehemu kubwa ya kiasi hicho huweza kurudi siku ya saba akifungua kinywa kwa maandazi na sambusa, akala pilau sahani mbili mchana, kisha akamalizia na chipsi mayai usiku. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta hubeba takriban kilokalori 120, na mkaanga chipsi hapimi kwa kijiko.

Soda husahaulika zaidi. Chupa ya kola ya mililita 500 ina takriban gramu 53 za sukari, ilhali Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba sukari huru, yaani ile inayoongezwa katika vyakula na vinywaji pamoja na iliyomo katika asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, ambayo kwa mtu mzima anayehitaji kilokalori 2,000 ni gramu 50.

Kwa kaya nyingi za Afrika Mashariki, kalenda tayari ina Idi mbili au Krismasi na Pasaka, bila kuhesabu harusi, maulidi, ubarikio na mgeni ambaye akifika tu, kuku huchinjwa. Siku hizo hazihitaji kufutwa, wala mwalikwa hana haja ya kuisusa biriani ya mwenyeji wake, ila kaya yenye shughuli nyingi kiasi hicho haina sababu ya kujitungia nyingine kila Jumamosi. Pasipo na shughuli, mlo mmoja wa hamu hutosha, na mlo unaofuata hurudi kwenye utaratibu wa kawaida, bila kushinda na njaa kwa nia ya kufidia, kwani njaa hiyo ndiyo huzaa ulaji wa kupindukia jioni. Mizani ikipanda ghafla kesho yake, sehemu kubwa ya ongezeko hilo huwa ni maji yanayozuiwa mwilini na chumvi na wanga, si mafuta.

Mwenye kisukari anayetumia insulini, homoni inayosaidia sukari ya damu kuingia katika seli, pamoja na mwenye shinikizo la juu la damu au ugonjwa wa figo, hupaswa kuupanga mlo wa sherehe mapema na mhudumu wa kliniki, bila kuacha dawa. Naye ambaye akianza kula hushindwa kujizuia, akala kwa kujificha na kujilaumu baadaye, huenda ana ugonjwa wa ulaji, ambao hutibika, na siku ya kujiachia humzidishia tatizo hilo.