Namna ya Kuzipima Nyimbo za Upande wa Pili

Labda wewe msomaji umepata kuiona santuri ndogo ya zamani, ile yenye wimbo mmoja kila upande. Upande wa kwanza ndio uliouza santuri: wimbo wake ulipigwa redioni, na watu wakaukimbilia dukani. Upande wa pili nao ulitiwa wimbo, maana santuri haiwezi kuwa na upande mmoja, lakini wanunuzi wengi hawakuigeuza. Leo nataka tuzungumze juu ya nyimbo hizo za nyuma, hasa za Mmarekani mmoja, Prince Rogers Nelson, aliyezaliwa Minneapolis mwaka 1958 akafariki tarehe 21 Aprili 2016. Mimi na wenzangu watatu twampenda sana, na kwa muda sasa tumekuwa tukizipa alama nyimbo zake zisizojulikana na wengi, kumi zikiwa ndizo alama zote, kama mwalimu asahihishavyo insha. Tumebishana vya kutosha, nami naona ubishi wetu una mafunzo.

Kwanza, fanki ni nini? Ni muziki ambao kila chombo hutumika kama ngoma. Gitaa, tarumbeta, hata sauti ya mwimbaji, vyote hupiga mapigo, na uzito huangukia pigo la kwanza kati ya manne. James Brown aliufungulia ulimwengu njia hiyo katika miaka ya 1960, na mwaka 1974 alikuja mwenyewe kuupiga Kinshasa, kabla ya pigano la Muhammad Ali na George Foreman. Basi muziki huu si mgeni upande wetu huu wa Afrika. Prince aliurithi, akauchanganya na gitaa kali la roki na vinanda vya umeme, na mara nyingi alipiga vyombo vyote peke yake.

Sasa tutazame santuri moja. Mwaka 1984 Prince alitoa “When Doves Cry,” wimbo uliokaa nafasi ya kwanza Marekani kwa majuma matano. Ajabu yake ni kwamba hauna besi kabisa, aliiondoa mwenyewe. Ukiigeuza santuri hiyo utakuta “17 Days,” wimbo wa mtu aliyeachwa ambaye anahesabu siku. Huko besi ipo, tena ndiyo inayoushika wimbo wote kama nguzo ya katikati ya nyumba. Maneno yanalia, lakini miguu inataka kucheza. Mimi niliupa alama 9. Mwenzangu mmoja aliupa 5, akasema ni wimbo mwembamba usio na kitu. Tulishangaa, tukamwuliza ameusikilizaje. Kumbe aliusikiliza kwa kipaza sauti cha simu, kile kidogo kama punje ya mtama! Chombo kama hicho hakitoi sauti nzito za chini. Besi yote ilibaki ndani ya simu. Tulipompa vipokea sauti vya masikioni alinyamaza mpaka mwisho, kisha akaandika 8. Tangu siku hiyo hatupokei alama ya mtu bila kujua kwanza amesikiliza kwa chombo gani.

Tena hatupokei alama isiyo na sababu. “Wimbo mtamu” si sababu. Asali nayo ni tamu. Sema ni mahali gani pamekugusa, na ni chombo gani kimefanya kazi hiyo. Kwa mfano “How Come U Don't Call Me Anymore?”, wimbo wa upande wa pili wa “1999” wa mwaka 1982. Hapo hakuna bendi: ni piano, sauti, na mguu unaogonga sakafu. Mwenzetu mwingine alisema huo si fanki, akaukata alama 3. Mimi nilimjibu kwamba mguu ule ndio fanki yenyewe, maana ndio unaoonyesha pigo la kwanza liko wapi. Yeye hakukubali, na hajakubali hata leo. Lakini sote tulikubali jambo moja: wimbo huu una mifupa migumu, kwa kuwa Stephanie Mills aliuimba mwaka 1983 na Alicia Keys mwaka 2001, kila mmoja kwa namna yake, wala haukuvunjika.

Kuna mtego mwingine, nao ni huzuni. “Sometimes It Snows in April” haukuwa wa upande wa pili, ni wimbo wa mwisho katika albamu yake ya 1986, “Parade.” Wahusu kifo cha rafiki. Ulirekodiwa tarehe 21 Aprili 1985, na Prince alifariki tarehe iyo hiyo, miaka 31 baadaye. Ukiisha kujua habari hiyo ni vigumu kuupa chini ya 10. Lakini je, alama hiyo ni ya wimbo au ya kalenda? Nasema ni wimbo mzuri wa 8, wenye piano na gitaa tulivu, nao unakwenda polepole kuliko unavyohitaji. Dada mmoja katika kundi letu alinikasirikia kwa neno hilo siku mbili nzima.

Lakini ubishi mkubwa kuliko yote unahusu nyimbo zilizofichwa. Prince alikuwa na chumba cha kuhifadhia kanda nyumbani kwake Paisley Park, na humo aliweka nyimbo nyingi ambazo hakuzitoa. Alikufa bila kuandika wasia. Basi mwaka 2018 ilitolewa kanda aliyokuwa amejirekodi mwaka 1983, peke yake na piano, na wimbo wa kwanza katika kanda hiyo ni huo huo “17 Days.” Tuupe alama nao? Mimi nasema hapana. Ule wa santuri aliukamilisha akaukabidhi kwa watu. Huu ni daftari lake la kujaribia, na hakuna mwalimu mwenye haki anayelichukua daftari la mwanafunzi chini ya mto wake akalitia wino mwekundu. Dada yule alinijibu kwamba mwalimu mwerevu hujifunza mengi zaidi katika daftari la kujaribia kuliko katika insha safi, na kwamba mtu asiyetaka kitu kisikiwe hakihifadhi miaka 33. Jibu lake lilinipa kazi. Bado naona kusikiliza ni jambo moja na kutia alama ni jambo jingine, ila siku hizi nasikiliza kanda ile mara nyingi kuliko santuri.

Anayetaka kujaribu na azisikilize “17 Days” zote mbili usiku mmoja, ile ya 1984 kwanza, kwa chombo chenye besi, na aandike sababu zake kabla ya kuandika alama.